Kesi ya Mlango Uliofunguliwa

Hapo zamani, si zamani ya wafalme, ni ya juzi tu hii, palikuwa na mwanamke asiyeona, jina lake Bi Mashavu. Mumewe alipofariki, shemeji akaidai nyumba. Haya, wakafikishana mahakamani.

Siku ya kesi alikwenda peke yake, moyo mweupe, maana alisikia vyumba vyote pale vimewekewa vibao vya nukta nundu, maandishi yasomwayo kwa vidole. Langoni mlinzi akamshika mkono.

"Niache, baba! Leo nasoma mwenyewe."

Akapapasa ukuta, hakuna kibao. Akapapasa fremu ya mlango, hakuna. Mlango wa pili, hakuna. Loo! Akachanganyikiwa. Akasikia watu ndani wakiitwa majina, akaingia, akaketi, akangoja lake. Kumbe ni chumba cha vyeti vya kuzaliwa! Mahakama ilikuwa chumba cha jirani, ikamwita, ikamwita tena, kimya. Nyumba akapewa shemeji.

Bi Mashavu alilia mpaka hakimu akatoka. Akamwambia, "Aliyesababisha haya ataachishwa kazi, na kesi nitaisikiliza upya. Lakini kosa likiwa lako, mama, nyumba imekwenda."

Akaitwa fundi. "Vibao nilivibandika milangoni. Jina la chumba hukaa mlangoni, tangu lini likakaa ukutani?"

Akaitwa karani. "Milango yote niliisukuma ndani kabisa, vibao vikaenda nayo. Watu wanaiogopa mahakama, mheshimiwa. Mlango uliofungwa unamkaribisha nani?"

Akaitwa mlinzi. "Nilimwona akipotea. Lakini alishanitolea uvivu langoni, nikachelea kumwaibisha mbele za watu."

"Mkono niliukataa, kweli," akasema Bi Mashavu. "Lakini miaka yote naburutwa kama mbuzi wa mnadani! Vibao vile viliwekwa kwa ajili ya nani, kama si mimi?"

Hakimu akakuna kichwa weee, akashindwa. "Basi mama, nyoosha kidole. Utakapoelekeza, nitakata hapo hapo."

Masikini, akazidi kuvurugikiwa. Fundi ana watoto. Karani alitaka watu wakaribie. Mlinzi alimsetiri. Amnyang'anye nani ugali ili yeye apate pa kulala? Mkono akauinua, ukabaki hewani.

Haya, nyie mnaojua kila kitu, mimi kichwa kinaniuma. Je, kidole kile kimwelekee nani?