Nguchiro na Maji ya Chemchemi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ya wenye masikio. Sogeeni, wakubwa kwa watoto.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walikuwa wanatafuta mfalme. Nyati alitaka. Ngiri naye alitaka. Kukawa na kambi mbili, na kelele usiseme.

Katikati ya kelele, ugonjwa ukaingia. Watoto wa nyati wanaharisha. Watoto wa ngiri wanaharisha. Wamekonda, mbavu nje.

Nyati akasema, "Ni maji! Ngiri wanagaagaa chemchemini, wametuchafulia. Wafukuzwe!"

Ngiri akasema, "Ni nyasi! Mbuga ya nyati imeota sumu. Wahame wao!"

Ni maji! Ni nyasi! Ni maji! Ni nyasi! Kutwa kucha. Na watoto wanaharisha.

Ndipo wakamwita Nguchiro. Mwili mdogo, lakini halikumpita jambo bila kulinusa na kulifukua. Wakamwambia, "Kachunguze, utuambie."

Sasa, Nguchiro alilelewa shimoni kwa Ngiri. Jioni ile Ngiri akamfuata.

"Mwanangu, mvua ilipokunyeshea, nani alikupa pa kulala?"

"Ni wewe, mjomba."

"Basi unajua la kusema."

Nguchiro akaenda kulala. Kweli, moyoni aliomba ziwe nyasi.

Kulipokucha akaenda. Nusa, nusa. Fukua, fukua. Akawaambia mama ngiri, "Watoto waendelee kula nyasi zilezile za mbugani. Ila maji wakanywe juu, jichoni mwa chemchemi, kabla hayajafika penye tope."

Wakafanya hivyo. Akangoja. Watoto wa ngiri wakapata nguvu, wakakimbizana mikia juu, titititi!

Nguchiro akaogopa alichokiona. Akasema, labda nimekosea. Akawapeleka juu watoto wa nyati pia, nao wakila nyasi zao zilezile. Wakapona.

Akafurahi, watoto wamepona. Akahuzunika, atamwambia nini mjomba?

Baraza likakaa.

"Ni maji," akasema Nguchiro. "Yanachafuka penye tope, pale ngiri wanapogaagaa."

"Msaliti!" Ngiri akafoka. "Umekula kwangu!"

Nyati akaruka, gudu! "Mmesikia? Nguchiro amesema ngiri wafukuzwe!"

"Hapana, mzee Nyati. Nimesema maji ni machafu. Habari ya kufukuzana sikuikuta mle majini. Hilo mtaamua wenyewe, msinitwike mimi."

"Ahaa! Kumbe uko upande wao!"

Huku wanamzomea, kule wanamzomea. Machozi yakamlenga. Lakini hakuondoka.

"Basi msiniamini," akasema. "Ngiri ni mjomba wangu, nampenda, na mnalijua hilo. Njia niliyopita ni ile pale: kula nyasi zilezile, kunywa maji ya juu. Ipiteni wenyewe. Kama nimekosea, mniumbue."

Ngiri akainuka na hasira zake. Akaenda kumwumbua. Akala nyasi za mbugani, kweche, kweche, akala mpaka akavimbiwa. Akanywa maji ya juu. Akalala chini, akalisubiri tumbo limuume. Tumbo halikumwuma. Akarudia siku ya pili, siku ya tatu. Wapi!

Akarudi barazani, kichwa chini. "Ni maji," akasema.

Wakajadiliana, wakapatana: kunywa ni juu, kugaagaa ni chini kabisa, mbali. Hakufukuzwa mtu. Watoto wakanenepa. Ufalme? Aa, waliendelea kuugombania. Lakini habari ya maji hawakubishana tena.

Ngiri akamtafuta Nguchiro, akamkuta peke yake kichakani.

"Mwanangu, nilikutaka useme ninalolipenda. Ungenisikiliza, ningezika wanangu."

"Hata mimi nililipenda, mjomba. Lakini halikuwa kweli."

Wakarudi pamoja.

Basi wenzangu, mchunguzi naye ana moyo, naye ana watu wake. Lakini ukweli haumwulizi mtu yuko kambi gani. Aseme alichokiona, asiongeze asichokiona, na awaachie wengine njia wazi wahakikishe.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayebisha, aende akaangalie mwenyewe.