Mwayo wa Kiboko na Pete ya Angani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pete angani, haina kidole wala sonara!

Hapo kale ukame uliikausha nchi, likabaki dimbwi moja. Kiboko akajitupa humo, chubwi! Akalijaza lote. Nyani akaja kunywa, akafukuzwa. Swala akaja, akafukuzwa. Pimbi akaja na watoto wake watatu, ndimi zimewakauka, akafukuzwa. Akarudi jabalini analia kwa hasira, maana kitinda mimba wake hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Siku hiyo Popo alisema amesikia pete angani. Kubwa mno, macho hayaioni, masikio yake tu ndiyo yanaisikia: vuuu! Wanyama wakabishana imetoka wapi. Nyani akasema makundi mawili ya nyota yamegongana, pu! Swala akasema kuna shimo jeusi huko juu, limekula nyota likavimbiwa, likabeua, bweu! Popo akasema, "Mimi bado sijui. Acheni nisikilize." Hakuna aliyemjali.

Pimbi akafuta machozi, akateremka dimbwini.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Maji hakuna."

"Sikufuata maji, mzee. Wenzangu wanabishana pete ya angani imetoka wapi. Nikawaambia, wajinga nyie, ule ni mwayo wa Mzee Kiboko."

Kiboko hakuwa na habari ya pete yoyote. "Ni wangu," akasema. "Wa juzi."

"Basi njoo uwaumbue. Desturi yetu unaijua: anayedai jambo hulirudia juu ya jabali, mbele ya mashahidi."

Kiboko akatoka majini, chopo, chopo, akapanda jabali. Akapiga mwayo, aaah!

"Popo, umesikia pete?" Pimbi akauliza.

"Bado."

"Panua, mzee!"

Akapanua, aaaah!

"Bado."

"Panua, mzee! Pete huchelewa kufika!"

Akapanua mpaka taya likalia ka! Likakwama. Jua likamchoma ulimi. Kule chini Nyani akanywa, Swala akanywa, watoto wa Pimbi wakanywa mpaka wakabeua. Kiboko akayaona yote, akataka kufoka, ikatoka "aaah" tu. Wanyama wakampigia makofi.

Na pete? Popo anasikiliza hadi leo.

Ngano yangu imekomea hapo. Tamu imezeni, chungu mtemeeni jirani. Na funzo lake, wanangu, ni hili: mkitaka kujua asili ya kitu, msimwulize anayesikiliza. Mwulizeni mwenye mdomo mkubwa.