Mlango Usio na Nyumba

Hapo zamani za kale, enzi ambazo nyati walivaa buti na tembo walivaa makubadhi, palikuwa na mji mmoja jangwani, kando ya bahari. Sikilizeni vizuri, wadogo zangu, maana mji huo haukupata mvua. Ulipata ukungu tu. Kila asubuhi ukungu ulitoka baharini ukalowesha mawe, na wanyama wadogo wakalamba matone, yakawatosha kutwa.

Nje ya mji palikuwa na uwanda wa changarawe. Ukiutazama kwa mbali ungesema ni mtupu. Kumbe juu ya mawe yake viliota vimea vidogo sana, vimeshika kama ukoko unavyoshika sufuria. Na katikati ya changarawe hiyo, Bi Kitwitwi, ndege mdogo wa pwani, alikuwa ameatamia mayai mawili. Kiota hakuwa nacho. Mayai yake yalikuwa na rangi ya mawe, basi aliyalaza papo hapo kwenye mawe.

Hayo yalikuwa mayai yake ya pili. Ya kwanza yalipondwa na buti la Bwana Nyati.

Bwana Nyati hakuwa mbaya. Kazi yake ilikuwa kuwaleta wageni kutoka bara, wanyama wakubwa waliotaka kupanda vilima vya mchanga na kuteleza, serereee, mpaka chini. Wageni walimletea majani mabichi, naye akawapitisha uwandani popote miguu ilipoelekea, ti, ti, ti, huyu huku na yule kule. Alama za nyayo zao zilibaki, kwa sababu hapakuwa na mvua ya kuzifuta.

Bi Kitwitwi alikwenda kumwomba apitie mbali kidogo, maana vifaranga walikuwa karibu kutoka. Nyati alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza hiyo nyumba yake iko wapi.

"Pale," akaonyesha Bi Kitwitwi.

"Bibi wewe, pale mimi naona changarawe. Nyumba ina mlango. Siku nikiona mlango wako nitapiga hodi, sikukosa malezi."

Bi Kitwitwi akarudi analia. Njiani akakutana na jirani yake Sange, yule mnyama mdogo kama panya mwenye pua ndefu isiyotulia. Sange aliishi chini ya jiwe, na kwa mbio hakuna aliyemfikia. Alisikiliza habari yote, pua ikichezacheza, akauliza jambo moja tu.

"Amesema akiona mlango atapiga hodi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi nyamaza, dada. Rudi kwenye mayai yako, yasipoe."

Ufukweni palikuwa na mlango wa meli iliyovunjika zamani, mlango mzima na fremu yake, mawimbi yameutupa pale. Sange alingoja mpaka Nyati alipofika na wageni wapya, akamwendea mbele yao wote.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mapua."

Sange akaeleza kwamba anajenga, lakini ana mlango umemshinda uzito. Amewaomba punda, nao umewashinda. Tena ameambiwa asihangaike, kwa kuwa hapa mjini hakuna wa kuunyanyua. Hayo aliyasema kwa sauti ya kuwafikia wageni.

Wageni wakamtazama Nyati. Mnajua tena. Nyati akautwaa mlango, akauweka begani, akamfuata Sange hadi pale uwanda unapoanzia. Akachimba kwa pembe, akausimamisha, puu, ukakaa imara.

"Sasa wewe," akasema Nyati huku akijifuta jasho, "nani anaanza nyumba kwa mlango?"

"Mvivu kama mimi, mjomba. Nikichoka kujenga, angalau nitakuwa na pa kufunga."

Wageni wakacheka, na Nyati akacheka kuliko wote.

Asubuhi yake wakaja kwa safari ya vilimani. Mbele alitembea Bi Tembo, mtu mzima, mwenye kuheshimiwa sana huko kwao, na aliyekuja kila mwaka. Alipofika mlangoni akasimama. Nyati akamwambia wazunguke tu, hapo hapana nyumba. Bi Tembo hakukubali. Alisema yeye amelelewa, na mlango ni mlango.

"Hodi," akaita.

Kimya.

"Hodi."

Nyuma ya mlango Sange alikuwa amejibanza, amejiziba mdomo asicheke.

"Hodi jamani."

Kimya. Bi Tembo akageuka. Ukipiga hodi mara tatu usiitikiwe, unarudi ulikotoka, na wageni wote walilijua hilo. Wakaanza kugeuka nao. Nyati akaona majani yake mabichi yanaondoka hivi hivi.

Ndipo mlango ukafunguka, kwiii, pua ikatokeza.

"Karibuni. Mniwie radhi, nilikuwa jikoni."

"Jikoni wapi?" akasema Nyati. "Hapa hakuna jiko wala ukuta. Wageni, tuzunguke."

"Zungukeni," akasema Sange taratibu. "Kweli ukuta bado. Lakini mlango umeusimamisha wewe mwenyewe, mjomba, na hawa wote wameona. Sasa naomba kuuliza. Mtu anayeingia nyumba ya watu kwa kuukwepa mlango, huko kwenu anaitwaje?"

Aliyejibu ni Bi Tembo.

"Kwetu anaitwa mwizi."

Basi tena. Makubadhi yakavuliwa, yakapangwa mlangoni. Mabuti ya Nyati yakavuliwa mwisho, kwa shida. Sange akatangulia kwenye kijia chembamba cha mchanga mtupu, nao wakamfuata mmoja nyuma ya mwingine, kimya. Walipofika karibu na Bi Kitwitwi, Sange akawasimamisha. Bi Kitwitwi akainuka kidogo wapate kuona.

Bi Tembo aliinama, akatazama, akatazama tena. Hakuona kitu mpaka Sange alipomwonyesha kwa pua.

"Mbona hayo ni mawe?"

"Si mawe, bibi."

Bi Tembo akainua mguu wake mkubwa, akautazama unyayo, na akaushusha polepole sana palepale ulipokuwa.

"Bwana Nyati," akasema, "mwaka jana ulitupitisha wapi?"

Nyati alitazama chini, kwenye alama za nyayo za zamani. Lakini tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyetoka nje ya kile kijia, na mayai yale mawili yalianguliwa salama.

Hadithi yangu imefika, wadogo zangu, na neno lake ni hili: mahali pasipo na ukuta napo ni kwa mtu, kwa hiyo ukifika ugenini uliza kwanza pa kukanyaga.