Fisi na Maziwa Yaliyo Hai

Nikitamka "Tumbo", nanyi itikieni "Linasikia". Tusianze kabla sauti zenu hazijalingana. Tumbo?

Linasikia.

Tumbo?

Linasikia.

Basi na lisikie, kwa maana habari hii ni yake.

Palikuwa na Fisi aliyekaa kando ya ziwa la magadi. Fisi huyo hakuchagua chakula wala hakutafuna kwa makini. Alikula nyama, akala ngozi, akala kwato, kisha akajilaza papo hapo, tumbo juu. Mwisho wake ukawa kiungulia. Kila alipolala alibeua, gwee, na moto ukapanda kutoka tumboni hadi kooni, chii. Akigeukia kushoto, gwee, chii. Akigeukia kulia, gwee, chii. Usingizi ukamtoka, na ukali ukaingia mahali pake.

Katika majabali ya jirani aliishi Bi Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, aliyesifika kwa kutibu matumbo. Alikuwa na mtoto wa pekee aliyeitwa Kijiwe.

Alasiri moja Kijiwe alikuwa akiota jua juu ya mwamba. Kivuli kikamfunika. Alipotahamaki, wayo wa Fisi ulikuwa mgongoni mwake. Bi Pimbi alisikia kilio kimoja chembamba, wii, kisha kimya; na kimya kile kilimtisha kuliko kilio. Akatoka pangoni.

Tupige hesabu kidogo. Mwenye nguvu alikuwa mmoja, mwenye hofu mmoja, na mtoto mmoja. Na baina ya mtoto na meno palikuwa na nafasi isiyozidi pumzi.

Fisi hakumla papo hapo. Alieleza kwamba akila, moto hupanda. Asipokula, njaa humkereketa. Alitaka atibiwe kwanza, ndipo amle mtoto kwa starehe.

"Nitibu vizuri, mganga usiye na mkia," akasema, "ili mwanao ashuke bila kunikwaruza."

 Bi Pimbi akamwambia yale anayoambiwa kila mgonjwa wa kiungulia: ale kidogo kidogo, asilale akiwa ndiyo kwanza ameshiba, na alalapo ainue kichwa. Fisi akabeua, gwee, chii, akajibu kwamba hayo ni maneno na yeye anataka dawa. Huku akijibu, ukucha wake ulizama katika manyoya ya Kijiwe.

"Dawa ipo, bwana mkubwa," akasema Bi Pimbi. "Lakini hunywewa tumbo tupu. Je, lako ni tupu?"

"Tangu jana sijala."

"Tupu kabisa?"

"Tupu kabisa. Leta."

Akaleta pande la magadi. Fisi akalilamba lote, na moto ukashuka kidogo. Kisha akaleta kibuyu cha maziwa ya mgando, kilichosahauliwa na wafugaji waliohama. Akaeleza kwamba maziwa yale yana vijidudu hai visivyoonekana kwa macho, navyo hufanya makazi tumboni na kusaidia chakula kusagika. Akaagiza yanywewe kwa mkupuo, magadi yakingali tumboni. Fisi, ambaye hakuwahi kukirudisha kilichofika kinywani, akanywa, gugu, gugu, gugu.

Sasa, magadi yakikutana na uchachu hutoa povu. Hiyo ni kanuni, wala haina upendeleo. Tumbo likaanza taratibu: foo. Likaendelea: ng'uru, ng'uru. Mbavu zikatanuka, na kitu kikapiga kwa ndani, du, du.

Fisi akauliza kwa sauti ndogo, "Bi Pimbi, nani anabisha hodi?"

"Ni wale walio hai. Wamefika."

"Wanataka nini?"

"Chakula. Lakini uliniambia nyumba ni tupu."

"Wakikosa?"

Bi Pimbi akainamisha kichwa. "Wataanza na kuta."

Du, du. Povu likamtoka Fisi puani. Akamtazama Kijiwe, akafumbua kinywa, akasema kwamba basi atawapa huyu.  Pumzi ya Fisi ilikwisha kumlowesha mtoto masikio. Hata hivyo Bi Pimbi hakupaza sauti.

"Wape. Ila wakishaonja nyama, hawataki tena kingine. Na nyama iliyo karibu nao si ya mwanangu."

Fisi akafumba kinywa polepole.

"Wale nini basi?"

"Majani mabichi. Mengi."

Kando ya ziwa la magadi hapaoti majani. Yako ng'ambo ya mbuga, kwenye vilima. Fisi akainua wayo, akakimbia, tumbo likimtangulia, foo, gwee, foo, gwee. Na kila alipobeua alitazama nyuma, ilhali aliokuwa akiwakimbia alikuwa amewabeba.

Bi Pimbi akamburura mwanawe hadi katika ufa mwembamba, mahali ambapo hata pua ya Fisi isingeingia. Akamlamba jeraha la mgongoni.  Hatimaye Kijiwe akauliza kama wale walio hai watammaliza Fisi kweli. Mama akavuta kibuyu, akanywa nusu ya yaliyosalia, nusu akampa yeye.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Hawa hawali mtu."

Hadi leo, Fisi akijisikia vibaya hutafuna majani, kisha hutega sikio kusikiliza tumbo lake.

Na funzo ni bayana: mgonjwa mwema hufuata masharti yote ya mganga wake bila kuhoji, hasa akiwa amemkanyaga mtoto wa mganga huyo.

Sasa jibu linabadilika, itikieni "Limenyamaza". Tumbo?

Limenyamaza.

Likinyamaza lenu, nami nanyamaza.