Spika za Siwema Zapata Dereva

Siwema alikuwa fundi wa redio za magari huko Tanga. Wateja walimjia kwa kuvutwa na spika mbili alizozitengeneza mwenyewe, zilizolia kutwa mlangoni pa kibanda chake. Siku moja akaja mwenye kibanda aliyempangisha, Bwana Shemdoe, na gari lake la mbio, kuukuu lakini linang'aa.

“Nazitaka spika hizo humu ndani. La sivyo, kesho uhame.”

“Hewala, bosi wangu. Tena nakufungia bure.”

Akazifunga, akaziseti, akawasha muziki. Besi ikakoroma tu.

“Mbona hazilii kama zamani?”

“Zimezoea hewa, bosi. Fungua milango. Rudisha gari nyuma kidogo, karibu na ukuta wangu. Hapo hapo!”

Muziki ukatoka mtamu, mtaa mzima ukageuka. Shemdoe akavimba kichwa.

Alijaribu kwake, akajaribu sokoni. Kote besi ilikoroma. Basi kila asubuhi akawa anaegesha kwa Siwema, milango wazi, akisifiwa mpaka jioni.

“Spika zako ziko wapi siku hizi?” mteja mmoja alimuuliza Siwema.

“Si zile pale mlangoni? Niliziseti zipatane na ukuta huu tu. Sasa zina hata dereva.”