Pipa la Mwalimu Mbonea

Mwalimu mmoja alikuwa na darasa la tano na pipa jipya la bluu. Jina lake Mbonea, mtu wa sala, aliyeipenda kazi yake, na aliyependa pia kuonekana anaipenda. Pipa alipewa kwenye semina ya mazingira huko mjini, pamoja na kitabu, naye alilipandisha hadi kijijini, mlimani, begani mwake mwenyewe, maana hakutaka mtu mwingine alishike.

Alifundisha vizuri. Aliwaambia watoto kwamba chupa ya plastiki ikitupwa hukaa ardhini hata wajukuu wao wazeeke, na ikichomwa, moshi wake huchafua anga, mvua zikakosa mpango. Bali ikikusanywa, kiwandani huyeyushwa ikawa kitu kipya. Watoto wakaandika yote. Kisha akasema kila mmoja alete chupa tupu Jumatatu, na atakayeleta nyingi kuliko wote atapiga kengele ya shule wiki nzima. Mtoto gani hataki kupiga kengele?

Jumatatu pipa lilijaa kabla ya gwaride. Naetwe, binti wa mjane, alileta kumi na moja, akapiga kengele hadi mkono ukamuuma. Mwalimu akamshukuru Mungu kwa mavuno. Hakuinama kunusa pipa. Angeinama, angesikia mafuta ya taa, maziwa na dawa ya mbuzi.

Maana kijiji kile hakikuwa na chupa ya kutupa. Kila iliyofika huko ilioshwa, ikapewa kazi. Watoto waliagizwa tupu. Walipozikosa, wakazimwaga zilizojaa.

Saa nne akina mama wakaingia darasani. Mbele alikuwa mama yake Naetwe, ungo mkononi, na ndani ya ungo maharage machache yenye majivu. Ndizo mbegu zake. Alikuwa amezihifadhi chupani zisitobolewe na wadudu. Sasa zilimwagwa uani, kuku wakala nusu, na mvua ilikuwa imebakiza wiki moja.

"Mwalimu, hatukuja kugombana," alisema. Akalilaza pipa, chupa zikatapakaa sakafuni, akaanza kuokota. "Hii ya mbegu. Hii ya maziwa, mwaka wa nne huu. Hii ya kunawia watoto, hutundikwa pale chooni."

"Na hiyo ya dawa ya mbuzi wangu, jamani, mtu asije akainywa!" mwingine akadakia, wakacheka.

Mama Naetwe hakucheka. "Sasa nionyeshe taka ni ipi."

Mwalimu akainamisha macho, akatafuta, asiione. Ndipo likamjia rundo lililokuwa nyuma ya nyumba yake. Kila siku alinunua maji ya dukani, kwa kuwa ya mferejini aliyaona ni ya watu wa kawaida, na kila Jumamosi, akiisha kuandaa masomo ya wiki, alichoma sehemu ya rundo lile la chupa. Moshi wake kila mtu aliujua; heshima tu ndiyo iliyowafunga midomo. Kijiji kizima kilikuwa na nyumba moja yenye taka, na mwenye nyumba hiyo ndiye aliyekuwa na pipa.

Angeweza kunyamaza, wala hakuna ambaye angemuuliza. Lakini alisema mbele ya watoto wake, "Nimekosa, mama. Mchafuzi ni mimi."

Akina mama wakachukua chupa zao. Jioni ile kila mmoja alimpelekea mjane konzi ya mbegu, chupa yake ikajaa tena. Asubuhi yake mwalimu alikuja na gunia la chupa zake, akarudi nyumbani, akaja na la pili, pipa likajaa hadi mdomoni. Naetwe akakichukua chuma cha kupigia kengele, akakitia mkononi mwa mwalimu wake kwa mikono miwili.

"Umeshinda wewe, mwalimu. Kapige."

Darasa likaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao, akaenda akapiga. Alipiga wiki nzima, kama sheria yake ilivyosema. Na Jumamosi moshi haukuonekana nyuma ya nyumba yake. Alikuwa shambani kwa Mama Naetwe, akifukia maharage katika udongo wenye unyevu, na kando yake chupa moja kuukuu yenye maji ya mferejini. Alikunywa, akayaona matamu.

Basi, ndugu, wewe uliyepewa pipa, mlango wa kwanza uliouendea kutafuta taka ni wa nani: wa jirani, au wako?