Mwonja Chumvi wa Mkwajuni

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale kwake, maana haya ya Mkwajuni hayataki kusinziwa. Mwaka ule masika yaliutupa mkono mtaa mzima. Kisima kikabaki tope, maji yakawa ya kufuatwa mbali kule bondeni, na mwenye chochote cha kupika alikipika kwa kubana.

Mtaani hapo alikaa Kanga, ndege wa madoadoa, mjane mwenye vifaranga wengi na mdomo usiojua kupumzika. Kazi yake ilikuwa mbaazi za nazi. Alfajiri anabandika chungu barazani, na watu wakifungua milango harufu imeshawafikia. Nazi alichukua kwa Kima, na maandazi ya kulia mbaazi hizo yalikuwa ya jirani yake Bata. Kanga alikuwa na maoni yake kuhusu uchumi, na aliyatoa bila kuombwa. Mtaa huu, alisema, haulishwi na mtu wa mbali, tunalishana sisi kwa sisi. Chungu changu kikilala, Bata atakula maandazi yake mwenyewe, na Kima atakwea minazi kwa kunyoosha viungo tu.

Sasa, desturi ya pale ilikuwa hivi: kabla ya kuuza, mpishi humdondoshea jirani mchuzi kidogo kiganjani aonje chumvi. Jirani akisema imekolea, biashara inaanza. Lilikuwa jambo la ujirani tu, halina mwenyewe. Fisi akalitafutia mwenyewe. Alikwenda kwa Simba, mkubwa wa mtaa, bwana wa kujisikia, akamweleza kwamba mtaa wenye heshima kama wake hauachii kila mtu aonje ovyo. Unataka mwonjaji mmoja anayetambulika. Simba aliposikia neno heshima hakusubiri mengine, akakubali. Na huyo mwonjaji akawa nani? Hata msiniulize.

Tangu siku hiyo, kila Kanga akiepua chungu, Fisi huyo, kiganja kama sinia. Anaonja, anafumba macho kama mtaalamu, anasema bado. Kanga anaongeza chumvi, Fisi anaonja tena, bado. Hivyo hivyo, mpaka nusu ya chungu iko tumboni kwake na nusu iliyobaki ni maji ya bahari. Wateja wakitia tonge mdomoni wanatema. Na kwa ukame ule, nani anunue kitu cha kumkimbiza bondeni kwa kiu? Wakapungua mmoja mmoja. Bata akaanza kununa. Kima akapeleka nazi zake mtaa wa pili. Kanga alipojaribu kubisha, Fisi alimwambia kwa upole kabisa kwamba hapo habishani na yeye, anabishana na Simba.

Ikafika asubuhi kapuni zimebaki mbaazi za mwisho. Zikiharibika hizo, Kanga angefungasha vifaranga wake ahamie kwa dada yake ng'ambo ya mto, akale chakula cha kusimangwa. Alikaa mbele ya jiko akalia, na hakikuwa kilio cha huzuni. Alikuwa na hasira za kupasua chungu.

Sungura akapita, akamkuta hivyo. Alipoelezwa, huyo mwenzenu badala ya kutoa pole akacheka. Kisha akamwambia agawe mbaazi: kidogo azitie chungu kidogo, nyingi azipike vizuri azifiche uani. Mengine amwachie yeye.

Akaenda kwa Simba. Alimwambia kwamba watu wanasema mkono wa mkubwa ukitia chumvi, chakula kinapata hadhi. Simba alishavaa koti kabla Sungura hajamaliza. Alifika kwa Kanga, akatumbukiza chumvi konzi nzima kwenye chungu kidogo, akakoroga, akalamba upawa. Macho yalimtoka, lakini nani amsikie Simba akisema amekosea?

"Imekolea sawasawa," alisema, sauti imekwaruza kidogo.

Akapelekwa uani, akatandikiwa mkeka nyuma ya ua wa makuti, asubiri sahani yake kwa utulivu. Fisi akatokea, kiganja mbele. Kanga akamdondoshea. Chumvi ilimchoma Fisi mpaka puani, machozi yakamlenga. Lakini ulimi uliozoea neno moja haukungoja ushauri.

"Bado," alisema.

Sungura akauliza kwa unyenyekevu kama ni bado kidogo au bado kabisa.

"Bado kabisa. Aliyetia chumvi hii hajawahi kupika hata uji."

Ukuti ukasukumwa. Simba akatoka taratibu, manyoya yamesimama, na majirani waliokuwa wakichungulia madirishani wakatoka pia, maana hilo si la kusimuliwa. Hakunguruma. Alimwambia Fisi kwamba yeye ndiye mwonjaji wake, basi aendelee kuonja mpaka ikolee. Sungura akaongeza chumvi. Fisi akameza. Sungura akashika tena kopo la chumvi, kwa adabu nyingi sana.

"Imekolea!" Fisi akalia. "Imekolea tangu mwanzo."

Kanga akamsogelea, sauti ya chini kwa mara ya kwanza mwaka ule. "Mwanzo upi, Bwana Fisi? Wa leo, au wa siku ile ulipoanza kuonja?"

Fisi alikuwa na kiu. Aliomba maji, Bata akampa ndoo tupu na kumwonyesha njia ya bondeni, na Simba akatamka mbele ya wote kwamba kazi ya kuonja imekwisha, na kwamba ndoo hiyo itajazwa kwa ajili ya jiko la Kanga mpaka mvua zirudi. Fisi akashuka nayo huku ulimi unaning'inia. Kanga akatoa chungu kikubwa uani, Bata akakimbilia maandazi yake, na siku hiyo watu walikula mpaka wakafuta sahani kwa vidole. Simba alikula pia, akasema chumvi hii ndiyo yake ile ile, na kila mtu akakubali.

Kesho yake alfajiri Kanga alikuta mtu ameshakaa barazani, amekunja nne, masikio yamesimama. Sungura. Alinyoosha kiganja, akasema kwamba kwa kuwa nafasi ya mwonjaji iko wazi, na yeye ana ulimi wa kuaminika, basi kazi hiyo aachiwe yeye, na hataki malipo yoyote.

Kanga akamchapa vidole kwa mwiko.

"Nunua sahani kama wenzako, mjomba," alimwambia. "Ukishamaliza ndipo unieleze habari za chumvi."